Vita vya Kuonyesha Mpira: Sisi ni Kunguru au Nyasi?

Wahenga walinena ya kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wanafunzi wenzangu wengi, na hata mwalimu mmoja ambaye sitamtaja hapa, wanaamini kuwa methali hii inawafaa watazamaji wa kandanda siku hizi. Hoja yao ni hii: zamani tulizitegemea stesheni za runinga tu, lakini sasa zimezuka kampuni za kutiririsha mechi kwa intaneti, yaani zile zinazokuonyesha mpira kwenye simu au kompyuta bila dishi wala dekoda. Wakubwa hao wakigombana, eti bei itashuka na sisi tutakula vinono. Mimi nimelichunguza jambo hili nikaona kwamba methali inayofaa zaidi ni ile ya fahali wawili na nyasi. Nipeni nafasi nieleze.

Tuanze dukani. Ukikuta maduka mawili jirani yanauza sukari ile ile, utanunua penye nafuu, na yule wa bei ya juu itambidi apunguze, apende asipende. Huo ndio ushindani tunaofundishwa katika somo la Biashara. Lakini mechi si sukari. Mechi ya Arsenal na Liverpool ni moja tu duniani kwa saa ile, na mwenye mali, yaani ligi yenyewe, huiuza kwa mnada. Kinachouzwa ni haki za matangazo kwa muda wa miaka mitatu, minne au zaidi, na aliyenunua mechi fulani katika nchi fulani ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuionyesha. Kwa hivyo kampuni hizi zinashindana, naam, ila zinashindana mnadani, si mbele yako wewe mteja. Na katika mnada ushindani hufanya nini? Hupandisha bei! Kisha mshindi akishatoa mabilioni yake huanza kuyatafuta, na mahali pa kwanza anapotafuta ni mfukoni mwako.

Tazama Uingereza. Mwaka wa 1992 vilabu vikubwa vilijitenga vikaanzisha Premier League. Kampuni ya setilaiti ya BSkyB, pamoja na BBC iliyochukua vipande vya kuonyesha usiku, zilikubali kulipa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Kufikia kipindi cha 2010 hadi 2013, mechi za moja kwa moja zilikuwa zimeuzwa huko kwa takriban pauni bilioni 1.77 kwa miaka 3. Halafu mwaka wa 2012 BT, kampuni ya simu, ikaingia mnadani. Bei ikaruka hadi bilioni 3.02, na katika mnada wa 2015 ikafika bilioni 5.14 kwa miaka 3 tu. Msimu ulikuwa na mechi zile zile 380, na milingoti haikuongezwa upana!

Mtu atauliza, kampuni ya simu inataka nini na mpira? Hapa pana siri ambayo ni muhimu kuielewa. Kwa Sky, mpira ndio bidhaa. Kwa BT ulikuwa chambo: ilipoanzisha stesheni yake ya michezo mwaka wa 2013, waliokuwa wateja wake wa intaneti walionyeshwa bila kuongezewa ada, ili wasihamie kwingine. Amazon nayo, iliyoonyesha mechi 20 kwa msimu kuanzia 2019, ilichagua mechi za mwezi wa Desemba, wakati ambapo watu hununua bidhaa kwa wingi katika duka lake la mtandaoni. Anayenunua mpira kama chambo anaweza kulipa bei ambayo mwenye runinga wa kawaida haiwezi, kwa kuwa faida yake iko kwingine. Lakini chambo kikiacha kunasa samaki, mvuvi huondoka. Amazon ilimaliza msimu wa 2024/25 ikaenda zake, na mkataba uliofuata, wa pauni bilioni 6.7 kwa miaka 4, ukachukuliwa na Sky na TNT.

Kuna kisa kingine cha Uingereza kinachochekesha, ingawa si cha kumchekesha mwenye kulipa. Tume ya Ulaya iliona kwamba Sky inahodhi kila kitu, ikalazimisha kwamba kuanzia msimu wa 2007/08 kampuni moja isiruhusiwe kununua mafurushi yote sita ya mechi. Nia ilikuwa njema. Kampuni ya Setanta kutoka Ireland ikachukua mafurushi mawili. Matokeo? Shabiki aliyekuwa akilipa mara moja akajikuta analipa mara mbili ili aone mechi zile zile. Mwaka wa 2009 Setanta ikaanguka huko Uingereza.

Kabla sijavuka kwenda Ufaransa, acheni nieleze tofauti ya mitambo, maana wengi hudhani kutiririsha ni setilaiti ya bei nafuu. Setilaiti hurusha picha mara moja, na kila mwenye dishi huidaka, kama vile mvua inavyonyesha juu ya mapaa yote. Watazamaji wakiwa elfu moja au milioni kumi, gharama ya kurusha ni ile ile. Katika intaneti kila mtazamaji hupelekewa nakala yake, kama anayegawa maji kwa ndoo nyumba hadi nyumba. Watu wakizidi, wabebaji huchoka. Tarehe 15 Novemba 2024 Netflix ilipoonyesha ndondi za Mike Tyson na Jake Paul kutoka Texas, ilifikia skrini milioni 65 kwa wakati mmoja, na watazamaji wengi walibaki wakitazama picha zilizoganda. Aidha, picha ya intaneti huchelewa. Unaweza kuwa umekodolea simu macho, mshambuliaji bado yuko katikati ya uwanja, na jirani mwenye dishi tayari anapiga mayowe ya bao! Na data nayo ni yako wewe. Picha ya kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na ile safi zaidi hula takriban GB 3. Kwa hivyo anayesema huduma fulani ni rahisi amehesabu ada ya mwezi akasahau ada ya pili.

Sasa Ufaransa, ambako mambo yalichacha kweli kweli. Stesheni ya Canal+ ilikuwa imeonyesha ligi ya huko tangu 1984. Mwaka wa 2018 kampuni ya Mediapro ya Barcelona ikajitokeza mnadani na kuahidi zaidi ya euro milioni 780 kwa mwaka. Canal+ ikabwagwa. Wakuu wa ligi walifurahi, vilabu vikaanza kutumia pesa ambazo havijazishika. Agosti 2020 Mediapro ikafungua stesheni yake kwa euro 25.90 kwa mwezi. Oktoba ikakataa kulipa fungu lake. Desemba mkataba ukavunjwa. Miezi minne! Amazon ikaja mwaka wa 2021 ikaokota mechi nane katika kila raundi ya mechi kumi kwa euro milioni 250 hivi kwa mwaka, huku Canal+ ikidaiwa euro milioni 332 kwa mechi mbili zilizosalia. Ungekuwa wewe ungekasirika, nayo ilikasirika.

Mwaka wa 2024 ikawa zamu ya DAZN, kampuni ya kutiririsha michezo. Iliahidi euro milioni 400 kwa mwaka, kisha ikamgeukia shabiki na kumwambia atoe karibu euro 40 kwa mwezi, au 30 kama atajifunga mwaka mzima. Mashabiki waligoma. Wengi walitafuta njia za uharamia, wakitazama kupitia vikundi vya Telegram. DAZN ilihitaji wateja milioni moja na nusu, ikapata kama theluthi yake, ikazuia sehemu ya malipo, ikaenda mahakamani, na baada ya msimu mmoja ikaachana na ligi. Mwishowe, Agosti 2025, ligi ikaamua kuuza yenyewe: ikafungua huduma yake iitwayo Ligue 1+, kwa euro 14.99 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka. Katika wiki chache tu ikapata wateja wapatao milioni moja. Mimi nasoma hapo jambo moja, kwamba watu hawakuwa wamekataa kulipa. Walikataa bei ya mnada.

Lakini aliyeumia hakuwa shabiki peke yake. Bordeaux, klabu iliyotwaa ubingwa wa Ufaransa mara 6, iliachwa na mwenyewe mwaka wa 2021, naye akataja janga la korona na kuondoka kwa Mediapro. Yalikuwepo matatizo mengine, sikatai. Kufikia 2024 ilikuwa imepoteza hadhi ya kulipwa na kushushwa hadi daraja la nne.

Kwa haki, nitaje mahali ambapo kunguru walishiba. Mwaka wa 2022 haki za ligi ya kriketi ya India, IPL, ziliuzwa kwa rupia bilioni 483.9 kwa miaka 5, runinga zikaenda kwa kampuni moja na intaneti kwa nyingine. Wenye intaneti wakaamua kuonyesha bure ili wawavute watu. Bure kabisa! Ila Novemba 2024 kampuni hizo mbili ziliunganishwa, na msimu wa 2025 ulipofika, kutazama bure kukawa kwa muda mfupi tu, kisha ulipe. Panzi walipatana.

Huku kwetu Afrika vita hivi vilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka wa 2007 kampuni ya GTV ilinunua sehemu kubwa ya mechi za Premier League kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara, ikimnyang'anya MultiChoice, mwenye DStv. Ikaja hapa Kenya na dekoda za bei nafuu. Watu wakashangilia kwamba ukiritimba umekwisha. Mwishoni mwa Januari 2009 GTV ikafunga, katikati ya msimu, na wateja zaidi ya 100,000 barani wakabaki na dekoda zisizoonyesha chochote. Mechi zikarudi pale pale zilikotoka.

Ndipo ninapowaomba wenzangu wasidanganyike na simu. Februari 2024 huduma ya Showmax ilizinduliwa upya ikiuza mechi zote 380 za Premier League kwenye simu pekee. Wengi walisema, "DStv sasa imepata mpinzani!" Mpinzani wapi? Showmax ilikuwa mali ya MultiChoice hiyo hiyo. Huo ulikuwa mlango wa pili wa nyumba ile ile, uliowekwa kwa ajili ya wale wasioweza kupita mlango wa kwanza. Na Septemba 2025 nyumba yenyewe ikanunuliwa. Na nani? Na Canal+, yule yule wa Ufaransa.

Hata hivyo, si vyema kuwalaumu wenye stesheni kwa kila kitu. SuperSport ilianza kuonyesha ligi kuu ya Kenya mwaka wa 2007, na kwa miaka kumi vilabu vyetu vilipata fedha na wachezaji wakaonekana barani kote. Kina Michael Olunga, aliyeng'ara na Gor Mahia 2015 kabla ya kwenda Djurgården ya Uswidi, walicheza mbele ya kamera hizo. Mwaka wa 2017, baada ya mvutano kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, SuperSport ikajiondoa. Hapo tuliona upande wa pili wa shilingi: mnada wenye wanunuzi wengi humuumiza mtazamaji, lakini mnada usio na mnunuzi huumiza ligi nzima, kuanzia kipa hadi mfua jezi.

Je, kuna dawa? Ipo moja ambayo nchi nyingine zimeijaribu. Uingereza, chini ya sheria ya utangazaji ya 1996, ina orodha ya mashindano ambayo lazima stesheni za bure zipewe nafasi ya kuyaonyesha: Olimpiki, fainali za Kombe la Dunia, fainali ya Kombe la FA na mengineyo. India ilipitisha sheria mwaka wa 2007 inayomlazimu mwenye haki za mechi zenye umuhimu wa kitaifa amgawie mtangazaji wa umma. Wenye ligi huzichukia sheria hizi, nao wana sababu. Kitu ambacho lazima kitolewe bure hakiwezi kuuzwa ghali, na fedha zinazopungua ndizo zingenunua viatu vya timu za vijana. Hata Uingereza yenyewe, mechi za kufuzu za timu ya taifa hazimo katika orodha.

Kwetu swali hili si la nadharia. Mnamo Septemba 2023 CAF iliwapa Kenya, Uganda na Tanzania kibali cha kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Nyanya yangu hana simu ya kutiririsha wala dekoda ya kulipia. Ana runinga ndogo yenye antena, na redio ambayo zamani alimsikilizia Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira. Harambee Stars ikicheza Kasarani, ataiona kwa njia gani?

Nimempelekea katibu wa mijadala hoja hii: "Mechi zote za timu ya taifa zionyeshwe bila malipo, hata kama shirikisho litapoteza fedha." Mjadala utakuwa ukumbini muhula wa pili, Ijumaa ya tatu, saa kumi alasiri. Mimi nitaunga mkono. Upande wa wapinzani bado unahitaji wasemaji wawili.