Rosa na Deogratias: Si Tamaa Tu

Watahiniwa wengi, wakiulizwa kwa nini Rosa katika Rosa Mistika (Kezilahabi, 1971) alinaswa na Deogratias, hukimbilia jibu moja: tamaa. Jibu hilo ni jepesi mno, nalo humwondolea Zakaria lawama. Mtahiniwa arejee kwao Rosa, Ukerewe. Zakaria, mlevi asiyekuwa kielelezo cha lolote, alimpiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya Charles tu. Hapo Rosa alifunzwa kuwaogopa wanaume, kuwapima hakufunzwa. Alipokuwa shuleni, mbali na fimbo ya baba, angemtofautishaje mchumba na mlaghai? Deogratias naye alikuwa Bwana Maendeleo, mtu mzima mwenye cheo. Hoja ya malezi basi itangulie ile ya tamaa, na kipigo hicho kitajwe kama ithibati.