Thumni ya Mwendo

Jioni moja nilikaa mbele ya kompyuta yangu nikiwa na faili la megabaiti 700 la kupakua, mhadhara wa video niliokuwa nikiutamani kwa siku nyingi, na kwa kuwa hati ya mapatano ya laini yangu ya intaneti ilitaja kasi ya 20 Mbps, nilipiga hesabu ya haraka kichwani nikaona kwamba sekunde 35 zingetosha, hata sikuona haja ya kuinuka kwenda kuinjika maji ya chai. Sekunde 35 zikapita, dakika ikapita, nikainuka, nikainjika maji, yakachemka, nikarudi na kikombe mkononi nikaikuta kazi bado haijatimia. Ilichukua dakika tano na ushei. Pembeni mwa kioo palikuwa na tarakimu ndogo, 2.3 MB kwa sekunde, na mimi niliyeahidiwa ishirini nikajiona nimepunjwa peupe.

Nilimpigia simu kijana wa huduma kwa wateja, maneno ya lawama nimekwisha yapanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimelipia ishirini, napewa mbili!"

Akacheka kwa adabu, kisha akaniuliza, "Hiyo ishirini, mzee, b yake ni ndogo au kubwa?"

Nikavaa miwani nikaitazama hati: ilikuwa ndogo. Nikakitazama kioo: ilikuwa kubwa. "Basi gawanya kwa nane," akasema, na lawama zangu zote zikaniishia kinywani, maana ishirini kwa nane ni mbili na nusu, na ile nuksani ndogo iliyobaki, kama nitakavyoeleza, ni nauli ya njiani.

Biti ni kipimo kidogo kuliko vyote katika elimu ya mawasiliano: ni jibu moja la ndiyo au siyo, ni taa kuwaka au kuzimika, ni tarakimu moja ambayo haina budi kuwa sifuri au moja. Baiti ni biti nane zilizofungwa pamoja, kiasi kinachotosha kuhifadhi herufi moja ya maandishi yetu ya Kilatini. Kwa hiyo neno "kibaba", lenye herufi sita, ni baiti sita au biti 48. (Lau ungeliandika kwa hati ya Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika mababu zetu wa pwani, basi katika utaratibu unaotumika leo kila herufi ingelikula baiti mbili.) Kwa desturi ya mafundi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti, na kwa sababu hiyo kasi iliyotajwa kwa biti hugeuzwa kuwa ya baiti kwa kuchukua thumni yake, neno ambalo wengi wetu tulilijua kwa sarafu ya senti hamsini, ilhali asili yake ni sehemu moja ya nane.

Mtu aweza kuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini vipimo viwili vitumike mahali ambapo kimoja kingelitosha, na akashuku kwamba pana hadaa ya wafanyabiashara ndani yake. Jawabu ni kwamba vipimo hivi vilizaliwa katika nyumba mbili. Biti ni mtoto wa simu za waya. Mfaransa Émile Baudot, katika miaka ya 1870, aliunda utaratibu wa kupeleka kila herufi kwa mapigo matano. Baadaye zikaja taratibu nyingine za mapigo sita na saba. Na waya wenyewe, usiojua herufi inaanzia wapi wala inaishia wapi, haukuweza kupimwa kwa insafu ila kwa idadi ya mapigo upitishayo kwa sekunde. Claude Shannon, wa maabara za simu za Bell huko Marekani, alipochapisha mwaka 1948 risala yake mashuhuri juu ya nadharia ya mawasiliano, alilitumia neno biti na kueleza kwamba lilipendekezwa na John Tukey.

Baiti, kwa upande wake, ni binti wa ghala. Werner Buchholz alilibuni neno hili mwaka 1956, alipokuwa katika kazi ya kuunda kompyuta ya IBM iliyoitwa Stretch, alipohitaji jina la fungu la biti linalohifadhiwa na kuchukuliwa kwa pamoja. Naye alibadili kwa makusudi herufi moja ya neno la Kiingereza lenye maana ya kung'ata, ili kalamu ya mzembe isije ikaligeuza kuwa biti. Wakati ule baiti haikuwa na ukubwa maalumu. Ni kompyuta za IBM za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilizoithibitisha nane kuwa desturi. Basi wapimao njia wakaendelea kuhesabu mapigo, na wapimao akiba wakaendelea kuhesabu mafungu, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Jambo moja hunichekesha kila nilikumbukapo. Ndani ya kompyuta b ndogo huandikwa 01100010, na B kubwa huandikwa 01000010. Zitazame vizuri: zinatofautiana katika tarakimu moja tu, ya tatu kutoka kushoto. Biti moja ndiyo itenganishayo herufi hizo mbili, na juu ya herufi hizo mbili imesimama tofauti ya mara nane katika mali niliyoilipia.

Sasa ile nauli ya njiani. Faili halisafiri zima; hukatwa vipande, kila kipande kikafungwa katika pakiti ambayo aghalabu haizidi baiti 1,500, na katika hizo zisizopungua 40 hutumika kwa anwani na nambari za mpangilio, kama vile bahasha na stempu zilivyo na uzito wao kando ya barua. Ongeza pakiti zilizopotea zikatumwa upya, na msongamano wa saa za jioni kila nyumba inapotazama video, utaona kwa nini mbili na nusu yangu ikawa 2.3. Kwa makadirio ya mtu mwenye haraka, mimi sasa hugawanya kwa kumi badala ya nane. Katika mawasiliano ya kale ya modemu kumi ilikuwa hesabu halisi, kwani kila baiti ilitanguliwa na biti moja ya kufungua na kufuatwa na biti moja ya kufunga.

Lisilonipendeza ni kwamba muuzaji yule yule hukuuzia kifurushi kwa baiti na mwendo kwa biti katika tangazo moja, sawa na muuza mchele atangazaye bei kwa vibaba huku akipima kwa pishi, akamwachia mnunuzi kukumbuka kwamba pishi ni vibaba vinne. Kifurushi cha gigabaiti 1 ni gigabiti 8. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikienda mbio bila kupumzika, kitakwisha kwa sekunde 800, yaani dakika 13 na sekunde 20. Wangapi wanaolalamika kwamba bando lao limeibwa wamewahi kuipiga hesabu hiyo? (Suala la kilo kuwa 1,000 au 1,024 tuliache; hilo huwasumbua zaidi wanunuzi wa diski.)

Wenzetu wa Kongo na Burundi, ambao vifurushi vyao hutangazwa kwa Kifaransa, husoma Mo na Go, o ya neno lenye asili ya nane, wala hawana haja ya kupepesa macho baina ya b mbili. Sisi nasi tuna dawa yetu, kwani katika Kiswahili biti na baiti hazifanani sikioni wala machoni. Nawaomba basi wauzao mwendo waandike maneno kwa ukamilifu, "megabiti 20 kwa sekunde", na chini yake, "sawa na megabaiti 2.5". Hadi watakapofanya hivyo, msomaji wangu, vaa miwani kabla ya kutia sahihi, uitazame hiyo b.