Drili za Betri: Tusidanganywe na Volti

Hapa Mowlem stima ikipotea, fundi wa milango hukunja mikono, naye mteja akichoka kungoja huenda kwa mwingine. Dawa yake ni drili ya betri. Lakini je, anunue ipi?

Kwanza, volti. Boksi moja limeandikwa 18, jingine 20, na fundi huongeza pesa akidhani 20 ina nguvu zaidi. Sivyo! Kampuni ya DeWalt huita betri yake ya volti 20 huko Marekani, na Ulaya huiita ya 18. Ndani mna seli za lithiamu tano zilizofuatana. Seli ikijaa hutoa volti 4 hivi. Kwa wastani, 3.6. Kumbuka Fizikia: 5 × 4 ni 20, na 5 × 3.6 ni 18.

Pili, ampea-saa. Betri ya 4 hudumu karibu mara mbili ya ile ya 2.

Tatu, mota. Mota ya kawaida ina brashi za kaboni ambazo husuguana, hupata joto na kuisha. Isiyo na brashi huendeshwa kwa saketi ya elektroniki. Haipotezi chaji ovyo, ingawa bei yake iko juu.

Nne, betri ya Makita haiingii kwenye Bosch, wala ya Ingco kwenye DeWalt. Ukinunua ya kwanza, hapo umeoa! Basi chagua kampuni ambayo betri zake zinapatikana karibu.

Fundi, kabla ya kutoa akiba yako, uliza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.