"Neno la Siri" Lisilo Neno: Istilahi za Mawimbi ya Ubongo

Wafasiri wanaoletewa maandishi kuhusu kufungua simu au kompyuta kwa mawimbi ya ubongo hukimbilia kuandika "neno la siri la ubongo". Tunaona kwamba istilahi hiyo inapotosha, na upotofu wake waweza kumgharimu mtumiaji.

Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, barua zilitegemea muhuri na uaminifu wa mchukuzi. Mfuko wa barua za Livingstone, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, Stanley aliukuta Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, vita vya Mirambo vikiwa vimeifunga njia; ndiye aliyeufikisha Ujiji. Muhuri ukipotea, huchongwa mwingine. Vivyo hivyo, mkulima wa tumbaku wa Urambo akishuku kwamba namba yake ya siri ya fedha za simu imejulikana, huibadili siku hiyo hiyo. Lakini alama za vidole, ambazo laini za simu zisizosajiliwa kwazo zilianza kuzimwa nchini tarehe 20 Januari 2020, si siri: huachwa kwenye kila kikombe, na zikiibwa hazina badala.

Je, mawimbi ya ubongo, ambayo Hans Berger wa Ujerumani aliyapima kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, ni siri au ni alama? Hapa ndipo penye ugumu. Mwaka 2013 John Chuang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwavisha watu kifaa cha kichwani na kuwataka, kwa mfano, waimbe wimbo moyoni. Makosa ya kuwatambua hayakufikia asilimia 1. Wimbo waweza kubadilishwa. Namna ubongo unavyouitikia ni ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza *wazo la siri* kwa kile kinachofikiriwa, na *alama ya ubongo* kwa kile kinachopimwa. *Nywila* ibaki kwa maneno na tarakimu.

Mtumishi wa serikali atakayetafsiri fomu ya ridhaa asiyachanganye hayo. Mwaka 2012 watafiti, akiwamo Ivan Martinovic wa Oxford, walionyesha kwamba kifaa cha bei nafuu cha aina hiyo chaweza kudokeza benki ya mvaaji, hata tarakimu ya namba yake ya siri, anapoonyeshwa picha. Fomu isemayo "neno la siri" haimwambii hivyo. Iandikwe wazi: "alama ya ubongo, pamoja na mengine yatakayopimwa".