Makaburi ya misheni Bagamoyo: Livingstone alipita tu, wenyewe ni hawa

Wadau, hapa Utemini wengi wetu tumekua tukiona makaburi ya babu na bibi shambani, pembeni ya nyumba. Ukifa unazikwa kwenu, basi. Sasa mtu aliyekamatwa akiwa mtoto, akauzwa, hajui hata kijiji alichotoka, huyo azikwe wapi?

Mapadri wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walihamia Bagamoyo kutoka Zanzibar mwaka 1868. Walikuwa wakiwanunua watoto kwenye soko la watumwa la Zanzibar (lilifungwa 1873), na wengine waliletwa baada ya kuokolewa na manowari za Waingereza. Wakasoma, wakalima, na waliooana walipewa nyumba na kipande cha shamba kwenye kijiji cha misheni. Msidhani ilikuwa raha mustarehe. Kazi walipigishwa, na siku nzima ilienda kwa kengele. Lakini kumbukeni kwenye njia ya misafara ya kutoka Tabora mtumwa aliyeishiwa nguvu aliachwa hapo hapo, fisi wamalizie. Kwa hiyo kwa watu hawa makaburi ya kanisa ndiyo yalikuwa makaburi ya ukoo. Hawakuwa na mengine.

Ukienda leo, pita kwenye makaburi ya wamisionari usome umri wao. Vijana watupu! Wengi miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu, yaani rika letu. Kipindupindu kilipiga pwani 1869 na 1870, kimbunga kikabomoa misheni 1872, ila muuaji mkubwa alikuwa malaria. Kwinini walikuwa nayo, lakini walidhani homa inaletwa na hewa mbaya ya mabwawa. Ronald Ross alikuja kuthibitisha habari ya mbu mwaka 1897, tena huko India. Mpaka hapo jamaa walikuwa wanalala na adui chumba kimoja.

Halafu kuna hili la Livingstone. Watalii wengi wanakuja kwa ajili yake, na wapo wanaoamini amezikwa Bagamoyo. Hapana bwana! Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo wake ukazikwa kule kule chini ya mti. Mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua, kisha Chuma, Susi na wenzao wakaubeba zaidi ya kilometa 1,500 kwa miguu, wakapitia Tabora, hadi Bagamoyo Februari 1874. Ukawekwa kanisani kwa muda mfupi tu, ukavushwa Zanzibar, na mwezi Aprili akazikwa Westminster Abbey, London. Kwa kupita huko tu, mnara wa kanisa la zamani unaitwa jina lake mpaka leo.

Mmoja wa wale waliombeba alikuwa Jacob Wainwright, Myao, mtumwa aliyeokolewa akasomeshwa India. Ndiye aliyesoma sala wakati moyo unazikwa, ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti, na alisafiri na mwili hadi Uingereza akawa mmoja wa waliosindikiza jeneza Westminster. Baadaye akarudi huku, akafia Urambo mwaka 1892. Kutoka hapa Utemini, Urambo ni karibu kuliko Bagamoyo. Nani kati yetu alishamsikia?