Nafasi ya Ngozi ya Mwitikio katika Kuboresha Sauti ya Seti ya Dramu

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Ingawa methali hiyo huwasema wanaotetea maslahi yao, inaeleza vilevile mazoea ya wapiga dramu wengi: ngozi inayopokea kipigo hubadilishwa mara kwa mara, ilhali ile ya upande wa pili huachwa kama ilivyotoka kiwandani kwa miaka mingi. Sauti inapofifia au kukosa uwazi, fedha hutumika kununua ngozi nyingine ya juu, na kasoro hubaki palepale. Makala haya yanafafanua kazi ya ngozi ya upande wa pili, vigezo vya kuichagua, na sababu za kuichunguza kwanza pale ngozi mpya ya juu inaposhindwa kuleta nafuu.

Hapa, ngozi inayopigwa kwa mkwiro au kwa nyundo ya kanyagio itaitwa ngozi ya kupigwa. Ile ya upande wa pili itaitwa ngozi ya mwitikio, kwa kuwa haipigwi bali huitikia. Neno ngozi limebaki kwa mazoea tu. Tangu miaka ya 1950, utando wa poliesta umechukua nafasi ya ngozi ya mnyama katika dramu nyingi. Kampuni ya Remo, iliyoanzishwa na Remo Belli nchini Marekani mwaka 1957, ni miongoni mwa zilizoeneza matumizi ya utando huo.

2.0 Ushirikiano wa Ngozi Mbili

Msondo huwambwa ngozi upande mmoja, na upande wa pili huachwa wazi. Dramu yenye ngozi mbili hufanya kazi kwa namna tofauti. Ngozi ya kupigwa inapobonyea, hewa iliyofungiwa ndani ya mzinga huisukuma ngozi ya mwitikio. Nayo, inaporudi, huirudishia ngozi ya juu sehemu ya nguvu hiyo. Hivyo basi, ngozi mbili na hewa iliyo kati yake huwa mfumo mmoja. Katika mfumo huo, mtetemo wa msingi hugawanyika katika miwili: mmoja wa kidatu cha chini, ambapo ngozi zote huelekea upande mmoja, na mwingine wa kidatu cha juu, ambapo ngozi hukaribiana na kuachana huku hewa ikibanwa na kutanuka. Kubadilisha ngozi yoyote kati ya hizo huathiri mitetemo yote miwili.

Tofauti hiyo inasikika katika rekodi zinazojulikana. Katika wimbo “In the Air Tonight” wa mwaka 1981, Phil Collins alitumia tomu zisizo na ngozi ya mwitikio. Kipigo kinasikika kikavu na cha ghafla. Kinyume chake, John Bonham wa kundi la Led Zeppelin alijulikana kwa dramu zenye ngozi zote mbili, ikiwemo dramu ya besi ya inchi 26, na sauti yake ni pana na yenye mwangwi. Hakuna kati ya sauti hizo iliyo kosa. Kila moja ilitokana na uamuzi kuhusu upande usiopigwa.

3.0 Kigezo cha Unene

Kidatu cha utando uliowambwa hutegemea kipenyo, mkazo na uzito wa utando kwa kila eneo. Kidatu hupanda kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha mkazo, na hushuka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha uzito huo. Ngozi ya kawaida ya tabaka moja ina unene wa takribani milimita 0.25, na nyembamba ya tomu ina takribani milimita 0.18. Zikiwekwa katika mkazo uleule, ile nyembamba hutoa kidatu kilicho juu kwa takribani mara 1.2, yaani karibu nusu-toni tatu.

Athari haiishii katika kidatu. Ngozi nyembamba huamshwa na nguvu ndogo, kwa hiyo huitikia hata pigo jepesi, na sauti yake hung’aa zaidi. Ngozi ya unene wa kati hutoa sauti nzito zaidi na inayodumu. Ngozi ya matabaka mawili hupoteza nguvu kwa msuguano wa matabaka hayo; ikiwekwa upande wa mwitikio hufifisha sauti. Aghalabu kosa hutokea hapa: mpigaji huchukua ngozi nene inayohimili vishindo juu, akaiweka pia chini, mahali ambapo hakuna kishindo cha kuhimili.

4.0 Uwiano wa Mkazo

Ngozi iliyochaguliwa vema huweza kuharibiwa na mkazo usiofaa. Ngozi mbili zikiwa na kidatu kimoja, hubadilishana nguvu kwa wepesi na sauti hudumu zaidi. Kadiri vidatu vinavyoachana, ndivyo sauti inavyokatika mapema. Wapigaji wengi huiweka ngozi ya mwitikio juu kidogo ya ile ya kupigwa ili kupata uwazi bila mwangwi mrefu. Kabla ya uwiano huo kutafutwa, kila ngozi sharti iwe na mkazo sawa pande zote: hugongwa taratibu karibu na kila skrubu, hadi vidatu vyote vilingane.

5.0 Dramu ya Sneya na Dramu ya Besi

Dramu ya sneya ina masharti makali zaidi. Ngozi yake ya chini hugusana na nyuzi za chuma, na ni lazima iwe nyepesi kiasi cha kuzitikisa hata kwa pigo dogo. Ndiyo maana hutengenezwa kwa unene wa takribani milimita 0.05 hadi 0.08. Ngozi ya kupigwa haiwezi kushika nafasi hiyo, kwani nyuzi zingezubaa. Wala ngozi hiyo nyembamba haiwezi kuhimili mikwiro.

Katika dramu ya besi, suala kuu ni tundu. Ngozi ya mbele isiyo na tundu huhifadhi mvumo mrefu. Tundu la inchi 4 au 5 karibu na ukingo hutoa sehemu ya hewa, hufupisha sauti na kuruhusu kipaza sauti kuingizwa. Tundu likiwa kubwa mno, dramu hukaribia kuwa kama isiyo na ngozi ya mbele.

6.0 Utaratibu wa Kuchagua

Kwa mwenye fedha chache, inafaa kuanza na tomu moja. Ngozi ya juu iachwe kama ilivyo, ya chini ibadilishwe, kisha sauti ya kabla na ya baada irekodiwe kutoka mahali wanapokaa wasikilizaji. Anayepiga husikia zaidi ngozi iliyo mbele yake. Hadhira husikia dramu nzima. Matokeo yakiridhisha, tomu nyingine zifuatie. Yasiporidhisha, kingo za mzinga zikaguliwe, kwa kuwa hakuna ngozi inayorekebisha ukingo uliopinda.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba ngozi ya mwitikio haifuniki mzinga tu, bali inashiriki kuamua kidatu, uwazi na muda wa sauti. Hakuna unene ulio bora kwa kila dramu. Upo unaofaa kwa sauti inayokusudiwa. Mpigaji anayeanza kwa kuamua sauti anayoitaka, kisha akaichunguza ngozi asiyoipiga, hupunguza uwezekano wa kununua tena na tena kitu ambacho hakikuwa na kasoro.