Ubao wa theluji kwa mfuko mwembamba: Kagua kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Masuala ya Kanda

KILA mwaka vijana kutoka Kampala, Nairobi, Kigali, Bujumbura na Goma hupanda ndege kwenda kusoma au kufanya kazi Canada, Ujerumani, Austria, Uswisi na Marekani. Miezi michache baada ya kufika, baridi huanza. Wenzao wa darasani na kazini hubeba vifaa vyao kila mwisho wa wiki na kwenda milimani, na mgeni anayetaka kuandamana nao hukutana na kikwazo dukani kabla hajaiona theluji ya mlimani: bei.

Ubao wa kuteleza uliotengenezwa maalumu kwa ajili ya kukata kona, ukiwa mpya na wa daraja la mashindano, huweza kuzidi dola 1,000 za Marekani. Hapo hujanunua buti, vifungio wala tiketi ya kupanda mlima. Kwa mtu ambaye sehemu ya mshahara wake hurudi nyumbani kulipia karo za wadogo zake, hizo ni fedha nyingi. Ndiyo maana wengi hukimbilia vifaa vilivyotumika, na huko ndiko wengine hupoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua ubao huo kwa bajeti ndogo, nini kinunuliwe kipya, nini kinaweza kununuliwa kikiwa kimetumika, na nini kisiguswe hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Si mchezo wa wengine tu

Ubao wa theluji ulitokana na chombo kilichoitwa Snurfer, alichokibuni Sherman Poppen katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1965. Mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya majira ya baridi kwa mara ya kwanza mwaka 1998 huko Nagano, Japani. Ni katika michezo hiyo hiyo Philip Boit aliiwakilisha Kenya katika mbio za masafa marefu za theluji, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya baridi. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mwishoni ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, naye aliibeba bendera hiyo huko Pyeongchang, Korea Kusini.

Kwa upande wa ubao, jina linalojulikana zaidi katika kanda yetu ni Brolin Mawejje. Alizaliwa Uganda, akahamia Marekani akiwa mtoto, akajifunza ubao huko na kuazimia kuiwakilisha nchi yake ya kuzaliwa. Filamu iitwayo Far From Home imesimulia safari yake. Mtindo wake ni wa kuruka na kufanya vituko hewani, si wa kukata kona, lakini safari yake imeonyesha kwamba mtoto wa Uganda anaweza kuumudu ubao.

Kukata kona ni nini

Anayeanza hugeuka kwa kuusukuma mkia wa ubao pembeni. Theluji hukwanguliwa, mwendo hupungua, na nyuma yake hubaki alama pana kama ya fagio. Anayekata kona hufanya vingine. Huulaza ubao ubavuni, ukingo wa chuma ukaingia katika theluji, kisha huuacha ubao wenyewe ufuate umbo lake. Nyuma yake hubaki mstari mmoja mwembamba kana kwamba umechorwa kwa kisu.

Umbo hilo ndilo la kwanza kuangalia. Ukiutazama ubao kutoka juu utaona kiuno chake ni chembamba kuliko ncha zake. Upinde huo wa ubavuni, ukiendelezwa, hukamilisha duara, na nusu kipenyo cha duara hilo hupimwa kwa mita. Watengenezaji wengi huiandika kwenye jedwali la vipimo. Ubao wa kawaida wa mlimani huwa na takriban mita 7 hadi 9. Mbao za mashindano ya kona kubwa huvuka mita 15 na baadhi hukaribia au kupita 20.

Namba hiyo ni ya ubao uliolala bapa. Kadiri unavyolazwa ubavuni ndivyo kona inavyobana. Kwa hesabu ya makadirio, ubao wa mita 10 ukilazwa kwa nyuzi 45 hukata kona ya takriban mita 7, na kwa nyuzi 60 hufika mita 5. Maana yake ni kwamba ubao wa mita 20 unahitaji kasi kubwa na mteremko mpana ndipo ukubali kugeuka. Kwa mtu anayejifunza, mita 8 hadi 12 zinatosha.

Jambo la pili ni mgongo. Ubao mzuri wa kukata kona, ukiwekwa sakafuni bila mtu juu yake, hugusa chini karibu na ncha zake mbili na katikati huinuka kidogo. Mpandaji akisimama, mgongo huo hushuka na kuusambaza uzito wake kwenye urefu wote wa ukingo. Kuna mbao zilizopinda kinyume, katikati chini na ncha juu kama ndizi. Hizo ni rahisi kugeuza na hufaa theluji laini, lakini kwenye mteremko mgumu hazishiki vizuri. Zinauzwa kwa wingi katika soko la mitumba, na mgeni huzinunua kwa sababu ya rangi.

La tatu ni ugumu. Ubao unaojikunja kirahisi hutetemeka kwenye kasi na kuachia ukingo. Ule mgumu kupita kiasi haujikunji kabisa chini ya mtu mwepesi. Kigezo kikuu hapa ni uzito wa mtu kuliko kimo chake, na jedwali la mtengenezaji huonyesha kila urefu wa ubao unafaa kilo ngapi. Mwenye kilo 60 asinunue ubao wa mwenye kilo 90 kwa sababu tu umeshushwa bei.

Mtego wa ubao wa bingwa

Katika soko la vifaa vilivyotumika hujitokeza mbao ndefu na nyembamba za mashindano ya zamani, zikiuzwa kwa bei ndogo kuliko ubao wa kawaida. Mnunuzi huona amepata dhahabu. Ukweli ni kwamba mbao hizo ziliundwa kwa ajili ya wanamichezo wenye mapaja mazito na miteremko iliyofungwa kwa ajili yao peke yao. Kiuno chake huwa karibu sentimita 18 hadi 20, wakati ubao wa kawaida una sentimita 24 hadi 26, hivyo haziendi na buti laini. Zinadai buti ngumu za plastiki na vifungio vya chuma vya aina yake.

Buti hizo za plastiki nazo zina hatari yake. Plastiki huzeeka hata ikiwa imewekwa stoo, na buti iliyokaa miaka mingi huweza kupasuka mpandaji akiwa katikati ya kona. Kwa mwenye bajeti ndogo, njia ya busara ni kuanza na buti laini na ubao wa kawaida wenye mgongo ulioinuka na ugumu wa kati au zaidi kidogo. Buti ngumu zitakuja baadaye, kama mapenzi ya mchezo yatabaki.

Mguu uamue upana

Buti ikichomoza sana nje ya ubao, mpandaji anapoulaza ubavuni kidole au kisigino huchota theluji, ukingo hunyanyuka na mtu hutupwa. Kwa hiyo nenda kukagua ubao ukiwa na buti zako. Ziweke juu yake kwa pembe utakayosimamia, kisha pima. Kuchomoza kwa sentimita 1 hivi kila upande kunavumilika; kuvuka 2 ni kutafuta ajali. Mwenye mguu wa namba 44 na kuendelea atafute ubao wenye kiuno cha karibu sentimita 26 au zaidi.

Pembe nayo husaidia. Wanaokata kona kwa buti laini wengi huelekeza miguu yote miwili mbele, kwa mfano nyuzi 30 kwa mguu wa mbele na 15 kwa wa nyuma. Mguu ulioelekezwa mbele hauchomozi sana kama ule uliokaa mkingamo.

Kagua kama unavyokagua mtumba

Aliyewahi kuchagua koti Gikomba, Owino au Karume anajua kwamba nguo hugeuzwa ndani nje kabla ya kutajwa bei. Ubao nao ni hivyo hivyo.

Mosi, pitisha ukucha kwenye ukingo wote wa chuma. Kutu ya juu juu huondoka kwa kunolewa. Ufa, pengo au chuma kilichokwisha kwa kunolewa mara nyingi hakirudi.

Pili, geuza upande wa chini. Mikwaruzo ni ya kawaida. Shimo linaloonyesha mbao ya ndani, hasa likiwa jirani na ukingo, hupitisha maji na kuuozesha ubao kutoka ndani.

Tatu, bana ncha na ubavu kwa vidole ukitafuta tabaka zilizoachana. Gonga polepole kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu pameachana.

Nne, tazama juu karibu na vifungio. Mkunjo unaokatisha ubao kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ni dalili kwamba umewahi kuvunjika ndani.

Tano, uweke sakafuni. Kama ulikuwa na mgongo na sasa umelala bapa, umechoka. Kisha utazame kwa urefu kama fundi anavyotazama ubao wa mlango. Ukiwa umepinda upande, uache.

Sita, jaribu matundu ya skrubu. Skrubu za kawaida ni za milimita 6, na kila moja inapaswa kuingia bila kuzunguka bure. Hakikisha pia mpangilio wa matundu unalingana na vifungio vyako. Mbao nyingi zina safu za matundu manne, lakini Burton waliwahi kutumia mpangilio wa matatu, na sasa mbao zao nyingi zina mfereji mmoja. Kisahani kisichoendana ni gharama nyingine.

Kugawa fedha

Tuseme mtu ana dola 500. Mgawanyo wenye mantiki ni dola 170 kwa buti, 160 kwa ubao uliotumika, 70 kwa vifungio vilivyotumika, 60 kwa helmeti na 40 kwa fundi wa kunoa kingo na kupaka nta. Buti zinatangulia kwa sababu ndizo zinazopeleka amri ya mguu kwenye ukingo. Ubao mzuri chini ya buti iliyolegea ni kama baiskeli nzuri yenye usukani unaocheza. Zijaribiwe na soksi moja, kisigino kisinyanyuke, na zinunuliwe mpya za msimu uliopita kila inapowezekana.

Helmeti isinunuliwe iliyotumika, kama ambavyo mwendesha bodaboda makini hanunui iliyokwisha kuanguka. Ufa wa ndani hauonekani.

Wakati nao ni fedha. Maduka ya kaskazini hushusha bei Machi na Aprili, msimu unapoisha, na mara nyingi ubao wa mwaka ujao hutofautiana na huo kwa rangi tu. Oktoba na Novemba, vilabu vingi vya milimani huandaa masoko ya vifaa vilivyotumika. Anayefika Septemba kwa masomo asinunue siku ya kwanza. Akodi siku mbili au tatu, ajue uzito na urefu unaomfaa, kisha ndipo alipe.

Dubai na Lesotho

Kwa walio Ghuba hesabu ni tofauti. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka, ina mteremko mrefu zaidi wa mita 400 tu, na kwa kawaida kiingilio cha mteremko huambatana na nguo na vifaa. Huko hakuna sababu ya mwanzilishi kununua ubao. Barani Afrika, kituo cha Afriski nchini Lesotho, kilichopo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hufanya kazi kati ya Juni na Agosti na hukodisha vifaa. Msafiri kutoka kanda yetu anaweza kujaribu huko kabla ya kufikiria kumiliki chochote.

Gharama isiyo dukani

Nyuma ya bei zote hizi ipo moja ambayo wageni husahau. Katika nchi kama Austria na Uswisi, gharama za uokoaji mlimani, hasa kwa helikopta, huweza kumwangukia majeruhi asiye na bima inayozifidia. Ankara ya namna hiyo inaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima, na mchango ukaanza kuchangishwa huku nyumbani. Mwanafunzi au mfanyakazi asome bima yake kabla ya kusoma jedwali la ubao.

Vilevile, anayekata kona huvuka mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Ski na Ubao wa Theluji humpa haki aliye mbele, lakini humtaka pia anayeanza kuondoka au kupanda tena juu atazame juu na chini kwanza. Ubao wa dola 160 uliokaguliwa vizuri, buti zinazobana kisigino, kingo zilizonolewa na bima iliyolipwa vitamfikisha mtu mbali kuliko ubao wa bingwa aliouchukua kwa sababu ulikuwa wa bei ya kutupa.